Motokari ya milango miwili: nani atakaa wapi?

Kijana mumoja wa koro yetu hapa Kamatanda alinisubiri siku ya Mungu nyuma ya ibada, chini ya muembe. Yeye anaendesha moto ya kubeba watu, na miaka mitatu sasa anaweka dolari moja moja. Akatoa telefone, akanionyesha picha: Toyota Celica ya kijivu, milango miwili, imelala chini sawa chui anayetaka kuruka.

"Pasta," akasema, "bengine banasema hii ni mutuka ya mbio, haiwezi kazi ya kila siku. Bengine banasema inaweza. Weye unasema namna gani? Lakini usinihubirie, Pasta, minakuomba."

Nilicheka. Sikumuhubiria, kwa maana mimi mwenyewe nilishikwa na ugonjwa huo, na sijapona. Yale niliyomwambia chini ya muembe nakuandikia wewe pia, ndugu musomaji. Najua katika nyumba zetu za huku, pesa ikiingia, iwe ya kariere, iwe ya moto, iwe malipo ya mwisho wa kazi, kitu cha kwanza ambacho mwanaume anaona akifunga macho usiku ni motokari. Na mara nyingi ile anayoiona haina milango mine.

Nianze na baba yangu. Alifanya kazi ya kiwanda miaka 27. Mwaka 2003, wakati maelfu ya wafanyakazi wa mabwe katika Katanga walipopokea malipo na kuacha kazi, ile watu waliyoita depar volontere, baba alikuwa kati yao. Mutu aliyetembea kwa kinga maisha yake yote alishika mara moja pesa ambayo hakupata kuiona. Wengine walinunua minibusi, wengine mashamba. Yeye alinunua motokari nyekundu ya Ulaya, ya milango miwili. Alisema ni ya kwenda kazini kila siku. Kazi gani? Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Ilitembea miezi mitano. Kiisha buati ya vitesi ikakufa. Piese haikupatikana Likasi, haikupatikana Lubumbashi, na ndugu aliyetumwa mpaka Kitwe kule Zambia alirudi mikono mitupu. Mekanisiye akachukua piese ya motokari nyingine, akaikata kwa tupa ili iingie; ikatembea siku mbili. Ndipo ikawekwa juu ya matofali nyuma ya nyumba. Kuku wa mama walitaga mayai kwenye kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya Biblia, na pesa ya mwaka wa tatu ilikuwa imesimama pale, juu ya matofali mane. Nilirudi nyumbani mwaka muzima, nikauza makala. Kila asubuhi, mbele ya kunawa uso, baba alichukua kitambaa akapanguza vumbi ya ile motokari. Tusimucheke.

Utafikiri nyuma ya mambo hayo nilichukia motokari za namna ile. Hapana. Jioni, watu wakiisha kulala, niliketi ndani yake, nikashika volani, nikaona kweli kiti kile kilikuwa kizuri. Tena tangu utoto nilikuwa na Celica kichwani, kwa sababu ya Safari Rally ya Kenya. Celica ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986, tena 1990, 1992, 1993 na 1994. Ile ya 1994 iliendeshwa na Ian Duncan, Mukenya. Jirani yetu alikuwa na picha moja ukutani, motokari imeruka juu ya matope, na sisi watoto tuliingia kwake kwa kisingizio cha kuomba maji.

Vijana bado wanatumia neno hilo kama ushuhuda: "Ilishinda Safari, Pasta, itashindwa na mashimo ya Kamatanda?" Nawajibu: zile za miaka ya 90 zilisukumwa na magurudumu yote mane, zilikuwa zimeinuliwa, na mafundi walizingojea njiani na piese mukononi. Ile unayoonyeshwa leo ni ya namna ya mwisho, iliyotengenezwa tangu 1999 mpaka 2006. Inavutwa na magurudumu ya mbele tu, na tumbo lake haliko hata sentimeta 15 toka udongo. Jina ni moja, lakini mutu ni mwengine.

Mwaka 2021 zamu yangu ikafika. Pesa ilikuwa ya bibi yangu kupita yangu. Yeye anauza unga na samaki sokoni, na kusema kweli, mushahara wa pasta unajua njia ya kutoka kuliko njia ya kuingia. Tukaandika juu ya karatasi kazi ya motokari: kupeleka binti yetu masomo, kupeleka mama yangu hospitali, kutembelea wagonjwa wa Panda na Shituru, na mara moja kwa mwezi Lubumbashi, kilometa karibu 120 kwenda na 120 kurudi. Hiyo ndiyo "kila siku" yetu. Watu wane, maana mutoto mukubwa anasoma Lubumbashi. Celica ina viti vine. Nikamwambia bibi: "Unaona? Hesabu inaingia." Tamaa inajua hesabu sana.

Mutoto wa mujomba wangu anauza kule Lubumbashi motokari zinazotoka Japani. Unajua njia yao: zinashuka bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tunduma, zinakata Zambia, zinaingia kwetu Kasumbalesa. Volani iko kuume, kwa sababu Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, sawa vile Tanzania na Zambia. Pale Kasumbalesa upande wa barabara unabadilika, lakini volani inabaki pale ilipokuwa. Jambo hilo nilikuwa nalijua. Nani katika Katanga hajui? Nilifikiri kulijua kunatosha.

Alikuwa na Celica moja ya 2001. Akaniambia, "Yaya, beba siku mbili, uone weye mwenyewe." Alitenda vizuri. Na hapa nakupa shauri, musomaji: usijaribu motokari ya namna hii kwenye barabara nzuri ya Lubumbashi. Pale kila motokari ni tamu. Ilete pale unapoishi, iingize katika njia yako mwenyewe, na watu wako wote ndani.

Nianze na uzuri wake, kwani haikuwa mbaya. Kiti cha mbele kilinishika mugongo toka Lubumbashi mpaka Likasi, na mugongo wangu, ambao unaniuma hata ndani ya basi kubwa, ulinyamaza. Haikulala upande katika kona. Freni zilikuwa za kweli. Viti vya nyuma vinalala kimoja kimoja, mulango wa nyuma unafunguka mukubwa, hata mifuko ya unga ya bibi iliingia bila magomvi. Mutu akikuambia kwamba motokari ndogo ya mbio ni mateso siku zote, hajakaa ndani yake. Watu wawili wa mbele wanakaa vizuri kupita watu wa motokari nyingi za bei kubwa.

Lakini tulipotoka lami kuingia Kamatanda, nikasikia kila jiwe. Nikashuka kutazama mapine. Musomaji, jifunze kusoma namba za pine, zitakuambia habari ambayo muuzaji hasemi. Iliandikwa 205/50 R16. Maana yake: upana milimeta 205, na kimo cha mupira ni nusu ya upana ule, milimeta 102 na kidogo. Pine ya 195/60 R15 ina milimeta 117. Utasema sentimeta moja na nusu ni kitu gani? Kwa mutu mwenye mugongo, na kwa janti inayoingia katika shimo lenye kona, ni kitu kikubwa. Motokari ile ile, ikivaa janti ndogo na mupira munene, inakuwa na tabia ingine. Kijana anafanya kinyume: anaongeza janti kubwa zaidi, zing'ae, anakata na resori ili ishuke. Kiisha anasema Celica ni ngumu. Ameifanya ngumu yeye.

Halafu moteri. Zile za Japani ziko namna mbili. SS-II ina moteri ya farasi 190. Uzuri wake unaamuka tu moteri ikizunguka kupita mara 6,000 kwa dakika, na inataka esanse safi ya bei ya juu. Nani katika Likasi atazungusha moteri mara 6,000 nyuma ya lori la shaba? Na ile esanse ya bidon kando ya barabara, unajua imechanganywa na nini? SS-I ina moteri ndogo zaidi ya nguvu, ile Toyota iliyoweka vilevile ndani ya Corolla. Kwa mutu wa kila siku, hiyo ndiyo. Mekanisiye wa kwetu anaijua akifunga macho, na piese ziko. Nilikumbuka motokari nyekundu juu ya matofali, na swali la kwanza nililouliza halikuwa "inakimbia namna gani," lakini "piese ya moteri yake inatoka wapi?" Ile ya mutoto wa mujomba ilikuwa SS-II. Nikaanza kupoa kidogo, lakini kidogo tu.

Siku ya kwanza jioni nikamwita mama. Alikuwa na miaka 74. Alitazama milango, akanitazama mimi. "Mwanangu, ile ya baba yako ilikuwa pia na milango mbili." Nikamwonyesha kwamba kiti cha mbele kinasogea, mutu anapita nyuma. Akaingiza muguu mumoja, akainama, akashika mukanda, akabaki pale katikati, haendi mbele, harudi nyuma. Kiatu kikaanguka inje. Hakusema kwamba anaumia, mama hasemi kitu kama hicho. Bibi yangu ndiye aliyemutoa polepole, akamuketisha mbele. Pale, kiti kikisukumwa mwisho nyuma, alikaa vizuri sana, hata akatabasamu. Bibi akasema, "Haina neno, miye nitakaa nyuma na mutoto. Miye ni mufupi." Nikaona tena hesabu imeingia.

Asubuhi tukachukua barabara ya Lubumbashi kurudisha motokari na kusalimia mutoto wetu. Mimi kwenye volani, kuume. Mama kushoto. Bibi na binti nyuma.

Kama hujaendesha motokari ya volani ya kuume katika inchi yetu, nikueleze. Sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Basi wewe unakaa upande wa mufereji, na lori liko mbele yako sawa ukuta. Ili uone kama njia iko wazi, lazima utoe karibu motokari yote katikati ya barabara. Ndiyo maana mutu wa kushoto ni jicho la dereva. Siku mbele yake, tulipotoka Lubumbashi, bibi yangu alikuwa pale, naye ni jicho kweli: "Ngoja. Ngoja. Kuko mwengine. Haya, pita!" Na katika Celica jambo linazidi, kwa sababu unakaa chini kabisa. Katika motokari ya juu unaona kidogo kando ya lori. Ndani ya ile unaona magurudumu yake tu, na vumbi. Tena moteri yenye nguvu inakudanganya. Inakuambia, "Pita tu, mimi nitakutoa."

Tulikuwa nyuma ya lori lililobeba mabwe, wakati mrefu. Nikauliza bila kufikiri, sawa vile nilivyozoea, "Njia iko wazi?"

Mama akajibu, "Iko wazi, mwanangu."

Nikatoka. Bibi akapiga kelele toka nyuma, kelele ambayo sijasikia kwake hata siku ya kuzaa. Lori lingine lilikuwa linakuja, taa zimewaka, karibu. Nilikanyaga freni, zile freni nilizozisifu, nikarudi nyuma ya lori la kwanza. Lile lingine likapita na upepo wake ukatutikisa. Hakuna aliyeguswa. Nikasimama kando ya barabara.

Mama hakusema uongo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Tulikuwa tunampeleka hospitali kwa sababu hiyo hiyo, jambo hilo lilikuwa limeandikwa juu ya karatasi yetu, na mimi nilimuweka mahali pa jicho. Yeye aliona weupe mbele, akaita weupe ule njia wazi. Akaniuliza, "Nimekosa nini?" Nikamwambia, "Hukukosa kitu, mama. Ni miye."

Mpaka Lubumbashi sikupita lori hata moja. Nikarudisha ufunguo. Katika basi ya kurudi nilikuwa nimekata shauri: milango miwili imekula baba yangu, ilitaka kula nyumba yote, basi. Ni bibi aliyenisahihisha. Alisema, "Baba, haikuwa milango. Mama alikaa vizuri mbele. Miye nilikaa nyuma, kichwa kilinigonga kidogo, lakini nilikaa. Ni volani. Kama ungekuwa kushoto, ungeona weye mwenyewe." Pesa ilikuwa yake pia, na angeweza kuniambia tununue kitu cha milango mine na kunyamaza. Hakusema hivyo. Nafikiri aliona namna nilivyoshika ile volani.

Ikatuchukua miezi minane. Celica iliuzwa vilevile Ulaya, volani kushoto, moteri ile ya Corolla, farasi 143. Huku kwetu ni chache na bei yake inapanda, kwa sababu njia ya Japani ndiyo fupi kwa wachuuzi wetu. Tulitembea kwa miguu na moto miezi ile yote. Muzee mumoja wa kanisa alinishauri nichukue tu ile iliyopo, "Mungu atalinda." Nikamjibu kwamba Mungu amenipa tayari bibi mwenye kelele.

Ile tuliyopata mwishoni ilitoka Ubelgiji, rangi ya bluu iliyofifia, parishoki imeshonwa kwa waya. Haikuwa nzuri ya picha. Nilikwenda na mekanisiye asubuhi sana, na jambo la kwanza alilofanya ni kuweka mukono juu ya kapo. Kama kapo ina moto, muuzaji amekwisha kupasha moteri ili afiche kitu, rudi kesho. Ilikuwa baridi. Moteri hii, zaidi ile iliyotengenezwa mbele ya mwaka 2002, inajulikana kwa kula mafuta yake. Basi akaiwasha, akaacha ikazunguka polepole mpaka ikapata moto, tukangojea dakika nyingi tukizungumza habari za mupira, kiisha akakanyaga ghafula akanituma nyuma kutazama. Moshi wa bluu ungekuwa mwisho wa mazungumuzo. Ukatoka mweupe kidogo, kiisha kitu. Akalala chini kutazama tumbo, akaona amepigwa lakini hakupasuka. Tukabishana bei mpaka saa sita.

Tumeivalisha pine za 195/60 R15. Pale njia ya reli napita kwa pembe, gurudumu moja moja, na wakati wa mvua kuna siku ambazo naiacha kwenye lami na kuingia Kamatanda kwa miguu, viatu mukononi. Hayo nayo ni sehemu ya bei, mutu asikufiche. Kutoka ndani yake ukiwa na miaka kupita 40, na suti ya mazishi, ni kazi yenye kuchekesha wafiwa. Wengine walisema pasta amenunua motokari ya wanamuziki. Walipopanda wakaacha kusema, isipokuwa wale waliopanda nyuma.

Mama alipasuliwa jicho la kwanza mwaka 2022. Anakaa mbele, kuume, na sasa anasoma mabango yote ya barabara kwa sauti.

Basi, pale chini ya muembe, kijana alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza, "Ile ya picha yako, ukienda Lubumbashi, nani atakaa kushoto kwako?" Akafikiri. Anaishi na nyanya yake. Akarudi kwa telefone, akapanua picha kwa vidole viwili, akatafuta volani ndani ya kioo cheusi. Nikaona uso wake mbele ya kuona picha.

Hakusema kitu wakati mrefu. Kiisha akageuka, akatazama ile yangu ya bluu na parishoki yake ya waya, bibi yangu amekwisha kuketi nyuma anatungojea.

"Pasta," akasema, "ya weye unauzisha bei gani?"

Toka ndani ya motokari sauti ikajibu mbele yangu: "Haiuzwi."